Sababu: Bangi

Mwaka 2004, Jumatatu asubuhi, mamangu alimpeleka kakangu hospitali akiwa amemfunga mikono kwa leso. Ilikuwa leso yake mwenyewe, ile ya zambarau aliyokuwa akijifunga jikoni. Mimi nilikaa kiti cha mbele cha teksi nikaangalia barabara, kwa sababu sikutaka kumwangalia yeye. Nilikuwa na miaka 18. Kakangu alikuwa na 21.

Siku tisa alikuwa hajalala. Alikuwa akisema redio ya jirani inamtaja kwa jina, tena inamtaja kwa ubaya, na usiku wa kuamkia hiyo Jumatatu aliruka ukuta akaenda kuivunja. Jirani, Mungu amlipe, hakuita polisi. Alikuja kumwamsha mama tu, akasema, "Mama fulani, mwanao haumwi homa. Mpelekeni."

Mapokezi kulikuwa na muuguzi na fomu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akauliza jina, umri, mtaa, dini. Kisha akauliza, "Anavuta?"

"Nini?" mama akauliza.

"Bangi, mama. Kijana huyu anavuta bangi?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Huvuta," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa lake mwenyewe.

Muuguzi akaandika. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na pale palipotakiwa sababu ya ugonjwa aliandika neno moja, kisha akageuza ukurasa. Sidhani ilichukua hata nusu dakika. Lile neno liliingia kwenye faili, likatoka kwenye faili likaingia mtaani, na tangu hapo hakuna harusi wala matanga ya ukoo wetu ambayo hayajatoa mtu wa kumwelekeza mwanawe kwa kidole: unamwona yule? Bangi hiyo.

Kuna mambo mawili ambayo fomu haikuuliza. La kwanza ni kwamba ile bangi hakuvuta peke yake. Tulikuwa tunavuta wote, ufuoni, nyuma ya boti zilizopinduliwa, tangu yeye akiwa na miaka 16 na mimi 13. Msokoto mmoja, midomo miwili. La pili nitalisema mbele, kwa sababu hata mimi sikulijua siku ile.

Basi swali langu limekuwa hilo kwa miaka ishirini na kitu: kama ni bangi, mbona si mimi? Nimelisomea kidogo kidogo, usiku, bila cheti cha udaktari wala cha historia. Na kitu cha kwanza nilichokuta ni kwamba ile fomu ina ukoo mrefu kuliko wetu.

*

Neno bangi tumelipata ng'ambo ya bahari. Wahindi wana bhang, ambayo ni majani yanayosagwa yakanywewa, wana ganja, ambayo ni maua yanayovutwa, na wana charas, ambayo ni utomvu. Mmea wenyewe umekaa Afrika siku nyingi. Huko Lalibela, Ethiopia, wanaakiolojia walichimbua vikombe vya viko vya karne ya 14 vikiwa bado na mabaki yake. Kwa hivyo anayesema ni tabia ya Wazungu, ama ya marasta, ama ya vijana wa siku hizi, hajafanya hesabu.

India chini ya Mwingereza bangi ilikuwa biashara halali iliyolipa kodi. Lakini huko London kulikuwa na wabunge wa mrengo wa kupinga ulevi, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba hospitali za vichaa za India zimejaa watu walioharibiwa akili na ganja. Ushahidi wao? Rejista za hospitali zenyewe. Mwaka 1893 serikali ikaunda tume. Tume hiyo ilizunguka nchi ikahoji mashahidi 1,193, na mwaka 1894 ikatoa ripoti ya majuzuu saba. Sehemu yake iliyonikalisha macho mpaka alfajiri ni ile ya hospitali za vichaa.

Wanatume hawakuchukua takwimu wakazijumlisha tu wakaenda zao. Waliuliza: hii sababu iliyoandikwa hapa, nani aliiandika, na alijuaje? Jibu likawa la aibu. Mtu alikuwa anakamatwa barabarani akipayuka, polisi anampeleka kwa hakimu, na karatasi ya maelezo yake inajazwa huko huko, na mtu ambaye si daktari. Mgonjwa akifika hospitali, kilichoandikwa kwenye karatasi kinanakiliwa kwenye rejista. Mwisho wa mwaka rejista inakuwa takwimu, na takwimu inasomwa bungeni. Anavuta ganja? Ndiyo. Basi ni ganja. Kama hana ndugu wa kumsemea, yatosha kwamba anafanana na wavutaji.

Wakachukua walioingia hospitali mwaka mmoja, 1892. Waliingia 1,344, na 222 kati yao walikuwa wameandikiwa bangi na jamaa zake kuwa ndiyo sababu. Tume ikawafuatilia mmoja mmoja, ikauliza familia, ikauliza mitaa walikotoka. Ilipomaliza walibaki 98. Wengine wote neno lao halikuwa na miguu ya kusimamia.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilifurahi. Sitadanganya. Niliruka kitandani, saa nane za usiku, nikataka kumpigia mama simu. Unaona! Hata wakoloni walikiri! Siku hizi nakutana na furaha hiyo hiyo kwa vijana wanaotetea bangi mtandaoni. Wanaitaja sana ripoti ya 1894, na wengi wanaishia pale nilipoishia mimi usiku ule.

Lakini 98 si sifuri. Nilirudi kwenye ripoti baadaye, nikiwa nimetulia, nikaona nilichokiruka. Tume ilisema wazi kwamba madhara yametiwa chumvi mno, na kwamba mtumiaji wa kiasi kwa kawaida akili yake haidhuriki. Ila ilisema vilevile kwamba matumizi makubwa yanaweza kuleta wazimu, hasa kwa mtu ambaye tayari ana udhaifu wa akili ama ana urithi wa ugonjwa huo katika damu yao. Hasa kwa mtu mwenye urithi. Mwaka 1894. Nilifunga tarakilishi nikatoka nje.

*

Ripoti ya India iliwekwa kabatini. Iliyoshinda duniani ni hadithi nyingine, ya Misri.

Kule Cairo kulikuwa na hospitali kubwa ya vichaa, Abbasiya, na kuanzia mwaka 1895 ilikuwa mikononi mwa daktari Mwingereza, John Warnock. Mwaka 1903 alichapisha makala katika jarida la madaktari wa akili la Uingereza kuhusu wazimu wa hashishi. Sisemi kwamba alidanganya. Aliwaona wagonjwa kwa macho yake. Ila mtu anayekaa hospitali huona wale waliofikishwa hospitali tu. Mvutaji aliyevuta, akalala, akaamka akaenda shambani, Warnock angemwonea wapi? Ni kama kukaa gereji ukaamua kwamba magari yote ya nchi hii hayana breki. (Ingawa kwa matatu za njia yetu, sijui, pengine ungekuwa umepatia.)

Novemba 1924 mataifa yalikutana Geneva kujadili afyuni na kokeni. Afrika Kusini ilikuwa imeshaomba Shirikisho la Mataifa, mwaka 1923, kwamba bangi nayo itiwe. Kwenye mkutano akasimama mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, akawaambia kwamba hashishi inasababisha kati ya asilimia 30 na 60 ya wazimu wote wa Misri. Thelathini hadi sitini! Mtu anayekwambia mfuko una mchele kilo tatu ama sita hajaupima huo mfuko. Lakini ukumbi ulimsikiliza, na mkataba uliotiwa saini tarehe 19 Februari 1925 ukaibeba bangi pamoja na afyuni. Uingereza ilitia saini, na sheria za makoloni yake zikaelekea huko huko. Nasaba hiyo ndiyo imetuletea hata sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994.

Sitaki kumfanya El Guindy kuwa mtu mbaya wa hadithi. Alikuwa mjumbe wa nchi iliyotoka kujipatia uhuru wa nusu nusu mwaka 1922, anasimama mbele ya wakubwa waliokuwa wametajirika kwa afyuni, anawaambia nasi pia tuna watu wetu wanaoumia. Nikiwa na kakangu ndani, ningetia chumvi mimi pia.

*

Huku kwetu hospitali ya vichaa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910, na mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Watu wa bara wakitaka kukutania watakuuliza umetoka Mathari lini. Kutoka 1938 hadi 1950 mkuu wake alikuwa daktari J. C. Carothers, aliyekuja Kenya mwaka 1929. Huyu ndiye aliyekaa na wagonjwa wetu kisha akaandika kwamba Mwafrika mzima wa afya anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Si maskhara, aliyaandika kwenye majarida ya kitaalamu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake ya Mau Mau, kwamba ni tatizo la saikolojia. Ardhi haikuwa sababu ya kutosha.

Namtaja kwa sababu moja. Wakati sayansi ya akili inajengwa hapa, swali la nini kimemtia mtu wazimu halikuwa likiulizwa kwa mtu. Lilikuwa likijibiwa kwa kabila, kwa rangi, kwa tabia. Bangi iliingia vizuri sana katika jibu la namna hiyo, na hata Mzungu alipoondoka jibu lilibaki kaunta, tukaendelea kujaza sisi wenyewe. Familia yetu nayo ilikuwa na majibu yake. Ami yangu alisema ni bangi na kiburi. Bibi, mama yake mama, alisema ni jini, na tukavuka feri mara tatu kwenda kwa mtu wake huko Likoni. Jini lilikula mbuzi wawili. Kakangu aliendelea kusikia redio.

*

Sasa tuje kwenye hesabu za kweli, maana zipo, na si za kubahatisha kama zile za Geneva.

Kati ya mwaka 1969 na 1970 vijana wa kiume wa Sweden waliokuwa wakiingia jeshini kwa lazima, wa miaka 18 hadi 20, walijazishwa fomu. Fomu tena, ila safari hii aliyejaza ni mwenye akili zake, kabla hajaugua. Waliulizwa kama wamewahi kuvuta na mara ngapi. Watafiti wakasubiri miaka 15, kisha wakaangalia nani kati ya vijana 45,570 alilazwa kwa skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo ambao kakangu anao. Matokeo yalitoka mwaka 1987 kwenye jarida la Lancet: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 waliugua mara sita zaidi ya wasiovuta. Hesabu iliporudiwa mwaka 2002, kwa kuondoa mambo mengine yanayoweza kuchangia, mara sita ikashuka ikawa kama mara tatu. Ilishuka, haikuondoka.

Lakini tazama upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo. Katika wale wavutaji wakubwa, waliougua hawakufika watatu kwa kila mia. Yaani tisini na saba na zaidi walivuta mpaka wakakinai na hawakusikia redio yoyote. Hao ndio mimi.

Swali la kuku na yai nalo lina watu waliolifuatilia. Je, si huenda mtu anaanza kuugua kimya kimya, ndipo anatafuta bangi imtulize? Mjini Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatwa maisha yao yote. Waliulizwa wakiwa na miaka 11 kama wanasikia sauti ama wanaona watu wanawasoma mawazo. Waliokuwa wameshaanza kuvuta kufikia miaka 15, mmoja kati ya kumi alikuwa na ugonjwa wa jamii ya skizofrenia alipofika 26. Kwa wengine ilikuwa watatu katika mia. Walipotiwa hesabuni wale waliokuwa na dalili wakiwa na miaka 11, pengo lilipungua. Kwa hivyo mishale inakwenda pande zote mbili. Utafiti wa vinasaba wa 2018 nao uliona hivyo hivyo: waliozaliwa na uwezekano mkubwa wa skizofrenia wana uwezekano mkubwa pia wa kuivuta.

Hapo nilisimama kusoma siku kadhaa. Kakangu akiwa na miaka 11, mama alikuwa akimpiga kwa kuongea peke yake chooni. Tulikuwa tunacheka. Tulimwita mwalimu, kwa sababu alikuwa kama anasomesha darasa humo ndani.

Kitu kingine ni ukali. Tuliyokuwa tukivuta sisi nyuma ya boti ilikuwa ya magazeti, nusu yake mbegu, ikipasuka pasuka ukivuta. Vijana sasa wanatafuta shash, jina lililotoka mji wa Shashamane wa Ethiopia, na wenye pesa wanaletewa ya kukuzwa chini ya taa. Utafiti wa miji ya Ulaya pamoja na Brazil uliotolewa mwaka 2019 uliona kwamba anayevuta kila siku ana uwezekano wa mara tatu wa kupatwa na saikosisi kuliko asiyevuta. Akivuta kila siku ile kali, yenye THC ya asilimia kumi na kuendelea, inakaribia mara tano. Denmark nako, ambako rejista za wagonjwa zinatunzwa vizuri, sehemu ya skizofrenia inayohusishwa na uraibu wa bangi ilikuwa kama asilimia 2 mwaka 1995. Kuanzia 2010 iko kati ya 6 na 8.

Kwa hivyo nikiulizwa, na huulizwa, kama bangi inaharibu akili ya mtu kwa muda mrefu, nasema ndiyo, kwa baadhi, na hasa kwa aliyeanza mapema, anayevuta kila siku, anayevuta kali, na ambaye damu yao ina historia. Jibu hilo halitoshi kwenye bango la kampeni. Mwaka 2022 tulikuwa na mgombea urais, Wajackoyah, aliyeahidi kulipa deni la taifa kwa bangi, akapata kura 61,969 na vicheko vingi zaidi. Upande wa pili kuna wanaosimama kwenye magari ya polisi mbele ya magunia yanayochomwa. Sijasikia upande wowote ukiuliza mtu: kwenu kuna nani aliyewahi kuugua?

*

Jambo la pili ambalo fomu haikuuliza ndilo hili.

Bibi alikuwa na dada. Nilijua kuhusu kuwepo kwake mwaka 2011, kwenye matanga ya bibi mwenyewe, kutoka kwa mzee mmoja wa Lamu aliyedhani sote tunajua. Alisema, kama anayesema habari za mvua, kwamba marehemu amepumzika sasa, amekwenda kumkuta dadake maskini, yule aliyekuwa akifungwa kwenye mnazi. Nikamwuliza, mnazi gani? Akanitazama, akatazama kwa akina mama, akaanza kukohoa.

Nilimfuata mama jikoni siku ya tatu, watu walipopungua. Akaniambia. Khaloo yake huyo alianza kusikia watu akiwa msichana wa miaka 19. Aliishi hivyo miaka thelathini. Hakuwahi kuvuta kitu chochote. Hata tambuu hakutafuna.

"Mbona hukuwaambia hospitali?" nikamwuliza.

"Hawakuniuliza," akasema. Kisha akaendelea kuosha sufuria ile ile iliyokuwa imeshatakata. "Na ningewaambia ungeoa wapi wewe? Dadako angeolewa na nani? Bangi watu huisema ikapita. Hilo jengine halipiti."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka saba nilikuwa nikidhani mama ameamini lile neno la kwenye fomu, kumbe alikuwa amelichagua. Alimtoa mwanawe mmoja aonekane mhuni ili sisi wengine tusionekane na damu mbovu. Na mimi nilikuwa nimenyamaza kuhusu msokoto, kwa hivyo tulikuwa wawili wa kuficha, kila mtu na lake.

Nikamwambia langu. Akaniambia alijua. Eti nguo zetu zote mbili zilikuwa zikinuka.

Kakangu yupo. Anachomwa sindano kila mwezi, na akiwa vizuri anamsaidia mama kuuza viazi karai pale nje. Aliwahi kuoa, ikavunjika, ila walipata mtoto wa kiume. Mtoto huyo sasa ana miaka 15, mrefu kumshinda babake, na wiki mbili zilizopita mama alikuta karatasi za kusokotea mfukoni mwa suruali yake ya shule. Hakumpiga. Alinipigia simu mimi.

Tulikwenda ufuoni, mimi na yeye. Boti bado zinapinduliwa pale pale. Nilikuwa nimejiandaa na Sweden yangu na Denmark yangu, na nilipofungua mdomo sikuanza na hizo. Nilianza na mnazi. Nilimweleza habari za dada yake bibi mkubwa, kisha za babake akiwa na miaka 11, kisha za nyuma ya boti, na nani alikuwa amekaa upande gani.

Alisikiliza mpaka mwisho akichora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Sasa, ami," akasema, "wewe uliacha lini?"

"Siku ile ya teksi."

"Na baba anajua kuhusu huyo bibi wa mnazi?"

Nilimwambia hapana, hakuna aliyewahi kumwambia. Akasimama akajipangusa mchanga.

"Twende tukamwambie," akasema, na akatangulia.